Soja Akiwa na Muvi Usiku, Mwache

Wasee, hii story tuimalize leo. Kila nikisikia mtu akilalamika ati "soja wetu kazi yake ni kuangalia muvi tu," najua huyo hajawahi kulinda hata kuku.

Mimi nilikesha getini miezi minane baada ya kumaliza kidato cha nne, kwa ploti moja hapa Nairobi. Unaingia saa kumi na mbili jioni, unatoka saa kumi na mbili asubuhi. Silaha zako ni rungu, tochi na firimbi. Mpaka saa sita mambo ni sawa, wapangaji bado wanaingia, unafungua geti, mnapiga story kidogo. Shida ni kuanzia saa nane. Hata mbwa wamelala. Baridi inapenya koti, na usingizi haubishi hodi.

Kilichoniweka macho ni muvi. Na si muvi yoyote, zile za DJ Afro. Sababu ni moja: jamaa anakusimulia kila kitu kwa Kiswahili na Sheng, kwa hivyo huhitaji kukodolea skrini macho ukisoma maandishi. Sikio linafuata hadithi, macho yanabaki getini. Ni kama kukesha na beshte mwenye mdomo mwingi.

Nilikuwa na sheria zangu. Kwanza, earphone sikio moja tu. Pili, mwanga wa simu chini kabisa, maana ukitoka kwa skrini kali ukaangalia nje, huoni kitu. Tatu, kila nusu saa nasimamisha muvi, nazunguka ploti yote, narudi. Muvi ya saa moja na nusu ilinipa raundi tatu. Saa ya ukutani haijawahi kunifanyia hivyo.

Lakini kuna kitu nilianza kuona. Kwenye muvi, mlinzi ndiye hufa kwanza. Cheki Die Hard ya 1988: majambazi wanaingia kwa jengo, na wa kwanza kupigwa risasi ni soja wa mapokezi. Cheki Commando ya 1985: Arnold Schwarzenegger anamaliza walinzi kisiwa kizima na hakuna anayeuliza walikuwa na watoto wangapi. Sisi tunashangilia steringi.

Halafu unakumbuka si muvi pekee. Aprili 2, 2015, washambuliaji walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa, walianzia kwa walinzi wa getini, watu wasiokuwa na bunduki. Ukikaa kibandani saa tisa usiku, hiyo haikutoki kichwani. Gari likipunguza mwendo nje ya geti, unajua kabisa wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hivyo ukimpata soja amelala fofofo, sawa, lalamika, hiyo ni haki yako. Lakini ukimpata yuko macho, simu iko chini, geti limefungwa na DJ Afro anaongea, huyo anafanya kazi. Mpelekee chai ya moto badala ya kumshtaki kwa keteka.

Na kabla hujaingia kwa nyumba leo usiku, jiulize: unajua jina lake? Ama kwako pia ni yule jamaa wa dakika tano za kwanza?