Daftari la Mama Mcha Mungu

Katika misiba ya Kikristo wilayani Rungwe kuna karatasi moja isiyokosekana: wasifu wa marehemu. Husomwa baada ya nyimbo na kabla ya mahubiri, tena kwa haraka, kwa kuwa mvua ya Tukuyu haimsubiri mtu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto na wajukuu, akaugua, Bwana akamtwaa. Akiwa mwanamke, huongezwa kwamba alikuwa mama mcha Mungu, mpole, mwenye upendo kwa wote.

Ndivyo alivyosomwa mama yangu tulipomzika Ibighi. Hakuna uongo katika karatasi ile. Alizaliwa katika miaka ya 1930, wakati Godfrey na Monica Wilson walipokuwa Unyakyusa wakichunguza mila zetu. Alibatizwa Mmoravian akafa Mmoravian, na Jumapili aliyokosa ibada ilikuwa Jumapili ya kuugua au ya kujifungua. Wajukuu waliolala kwake hawakupewa chai kabla ya kusomewa kijitabu cha maneno ya siku, ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapa kila mwaka tangu 1731.

Lakini kuna daftari.

Miezi michache kabla ya kufariki, mama alimwita binti yangu akamwambia, "Mjukuu wangu, chukua kalamu." Alikuwa amesikia kwa wazee wa kanisa kwamba Wamoravian wa kale walijiandikia maisha yao wenyewe, ili yasomwe siku ya kuzikwa. Wazee wale walisema kweli. Huko Herrnhut, Ujerumani, chimbuko la kanisa la wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, desturi hiyo ilishika mizizi katikati ya karne ya 18, na hifadhi ya nyaraka ya mji ule ina maelfu ya simulizi hizo, za wanaume na wanawake, mafundi na wajane. Bethlehem, Pennsylvania, imebaki simulizi ya mwaka 1755 ya mwanamke aitwaye Magdalene, aliyezaliwa Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani. Kanisa lililoamini kwamba hata mtumwa ana maisha ya kusimuliwa kwa kinywa chake, leo huwazika mama zetu kwa sentensi zinazofanana.

Daftari lina kurasa tisa. Wokovu umo, tena katika ukurasa wa kwanza. Baada yake inafuata kahawa. Mibuni waliipanda wawili, ila kadi ya ushirika ilikuwa na jina la baba, na malipo aliyapokea baba. Ndizi ndizo zilizokuwa zake: mikungu aliyoibeba kichwani hadi sokoni Tukuyu. Fedha ya ndizi iliingia katika upatu wa wanakwaya kumi na wawili, waliohesabu noti baada ya mazoezi ya nyimbo. Upatu huo ndio uliomlipia dada yangu ada, wakati ukoo ulikwisha kuamua kwamba binti amesoma vya kutosha. Nimefundisha kwa miaka mingi kuhusu asasi za kiraia, na sijawahi kupata mfano bora kuliko ule.

Ukurasa wa sita ni wa kifo cha baba, mwaka 1984. Ndugu zake walikuja kuhesabu migomba. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 ziliegemea upande wao: mjane hakuwa na fungu, alitarajiwa kutunzwa na watoto aliowatunza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayotamka kuwa haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, ilikuja mwaka 1999. Kabla ya sheria, mama alikuwa na kwaya. Wanawake wale walifika alfajiri na majembe, wakapalilia shamba lote kwa siku tatu, wakiimba, shemeji zake wakitazama. Hakuna aliyetukanwa wala kikao kilichoitishwa. Siku ya nne shemeji walirudi makwao. Nyimbo zilikuwa za maombolezo tu. Mama alisisitiza iandikwe hivyo.

Kamati ya mazishi ilipolisoma daftari ilisema lina mambo ya ndani. Mzee mmoja alinieleza kwa upole kwamba marehemu hafungui mashauri kaburini. Nilimwelewa, na sikukubaliana naye. Tunausifu ucha Mungu wa mama zetu kana kwamba ulikuwa ukimya. Huyu wa kwangu aliomba kwa sauti iliyosikika barabarani, na kanisani ndiko alikojifunza kusoma, kutunza hesabu na kusimama mbele ya watu akazungumza.

Binti yangu amekwisha kulichapa daftari zima, na kila mjukuu ana nakala yake. Ukurasa wa mwisho ni wa madeni. Mwanakwaya mmoja alidaiwa mikungu miwili ya ndizi. Mbele ya jina lake imeandikwa "amesamehewa". Shemeji mdogo alidaiwa debe moja la mahindi, tangu mwaka ule wa msiba. Mbele ya jina lake hakuna neno.