Ua Linalohama Pamoja na Askari

Askari ni mtu wa safari. Leo yuko Jinja. Kesho amri yaja kwamba aripoti Mbale, na mkewe hana budi kufunga vyombo kabla mahindi aliyoyapanda nyuma ya nyumba hayajakomaa. Kwa sababu hiyo akina mama wengi wa kambini huona kupanda maua ni kumfanyia kazi mpangaji ajaye. Lakini liko ua lisilochelea uhamisho, nalo ni amarilisi.

Ua hili huota kutokana na tunguu linalofanana na kitunguu kikubwa, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1987 wataalamu wa mimea walikutana Berlin wakaamua kwamba jina la kitaalamu Amaryllis ni la jamaa yake wa Afrika ya Kusini, na hili liitwe Hippeastrum. Hata hivyo, majumbani limebaki amarilisi.

Katika nyumba moja ya askari mjini Mbale, ambayo dirisha lake latazama majabali ya Wanale, mama mmoja hulipanda katika kopo lililotobolewa chini, lenye upana uzidio kidogo ule wa tunguu. Hutumia udongo mweusi uliochanganywa na mchanga, na theluthi moja ya tunguu huiacha juu. Maji hutia kidogo sana mpaka chipukizi litokeze, kwani tunguu likilowa mno huoza. Kila baada ya siku chache huligeuza kopo, maana shina huinamia mwanga.

Maua yakinyauka, hukata shina lake tu. Majani huyaacha, kwani ndiyo yanayopika chakula kwa nguvu ya jua na kukiweka akiba ndani ya tunguu. Anayeyakata mapema asishangae mwaka ufuatao akiona majani bila ua.

Mwezi wa Desemba, mvua ikikatika na maporomoko ya Wanale yakikonda, mama huyo huacha kumwagilia. Majani hukauka, na tunguu hulala wiki nane hadi kumi. Huo ndio wakati wa kulisafirisha, likiwa kavu ndani ya boksi. Mvua za Machi zikianza hupandwa upya, popote familia ilipo, na baada ya wiki sita hivi au zaidi huchanua.

Januari moja amri ya uhamisho ilipokuja, jirani aliyesaidia kufunga mizigo aliyatia matunguu katika gunia la vitunguu vya jikoni. Mama aliyaona kabla gunia halijashonwa, akayatoa moja moja. Alifanya vyema, kwani tunguu la amarilisi lina sumu iitwayo likorini, ambayo humtapisha mtu, humwumiza tumbo na kumharisha. Na mtoto mdogo huumia zaidi. Tangu siku hiyo boksi la matunguu huandikwa kwa herufi kubwa neno SUMU, likafungwa kwa kamba na kuwekwa mbali na chakula. Mtoto akila tunguu hilo, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande kilichosalia ili mganga akione.

Kwa tahadhari hiyo, hata mwenye chumba kimoja aweza kupamba dirisha lake. Nyumba ya serikali hurudishwa pamoja na ufunguo wake, lakini tunguu ni mali ya aliyelitunza, naye ana haki ya kuondoka nalo.