Kunguni maktabani, na mtoto tuliyemtuhumu

Maktaba ya msikiti wetu ni chumba kimoja kilichomo ndani ya eneo la msikiti, chenye makabati manne ya mbao, meza mbili ndefu, na kochi kuukuu ambalo muumini mmoja alilitoa alipohama mtaa. Vitabu havifiki mia tano, na vingi ni wakfu: misahafu, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, vitabu vya fiqhi vilivyogeuka rangi ya kahawia kwa umri, na rafu mbili za vitabu vya shule ambavyo watoto huviazima jioni baada ya madrasa. Sisi tunaoandika haya tumekabidhiwa ukatibu wa kamati, na ufunguo wa chumba hicho tunao sisi. Yaliyotokea, basi, yametokea chini ya amana yetu.

Mwezi mmoja hivi baada ya Idi, mwalimu wa madrasa alituletea kitabu cha hesabu kilichorudishwa na mwanafunzi wa darasa la tano. Kwenye uti wa kitabu, pale jalada linaposhikana na kurasa, palikuwa na madoa madogo meusi, mfano wa nukta za kalamu inayovuja wino. Tulipokikunjua zaidi akatoka mdudu bapa, mwekundu wa kahawia, ukubwa wa punje ya dengu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani.

Tuliyoyafanya baada ya hapo tunayaeleza kama yalivyokuwa. Tulikifunga chumba, na yule mtoto tukamwambia, mbele ya wenzake, asiazime kitabu tena mpaka kwao "pasafishwe". Anaishi na mama yake katika chumba kimoja cha kupanga, nasi tuliona kuwa hilo latosha kuwa ushahidi. Jioni ile ile mmoja wetu alinunua kwa mchuuzi chupa ya dawa isiyo na nembo wala maelezo, tukapulizia kila rafu. Harufu iliingia msikitini, na katika swala ya Isha wazee walikohoa tangu takbira mpaka salamu. Kunguni hawakufa. Wiki mbili baadaye tuliwakuta kwenye fremu ya mlango na katika mabusati ya chumba cha jirani.

Ndipo mama wa yule mtoto alipokuja.

"Ustadhi, kunguni ninao, sikatai," alisema akiwa amesimama kizingitini. "Lakini kabla ya Ramadhani sikuwa nao. Mwanangu amelala humu siku kumi za itikafu pamoja na mjomba wake. Ninyi mliolala humu hamkuumwa?"

"Karibu ukae, mama," tulimwambia.

"Nimeuliza, Ustadhi."

Tulikuwa tumeumwa. Katika kumi la mwisho la Ramadhani tulikuwa tumewafungulia wenye itikafu maktaba, na magodoro yaliletwa kutoka kila nyumba. Sisi wenyewe tulilala kando ya lile kochi. Asubuhi moja tuliamka na vipele vitatu vyekundu vilivyojipanga mstari mmoja mkononi, tukasema ni mbu, tukanunua dawa ya kuchoma. Aliyelala jirani yetu alijikuna usiku kucha, naye hakusema neno. Nani angethubutu kutamka jina la kunguni katikati ya kisimamo cha usiku? Kila mmoja alichelea kuambiwa kwamba kalileta yeye, na hivyo magodoro yakarudi majumbani, lile la yule mtoto likiwemo. Ni godoro la nani lililowaleta, au kama walikuwamo kochini tangu zamani, hilo hatuwezi kulisema. Tunachoweza kusema ni kwamba mtoto tuliyemtuhumu huenda aliwachukua kwetu.

Tulimwita bwana afya, jambo tulilostahili kulifanya siku ya kwanza. Alitusikiliza, akaomba tochi, akalipindua kochi na kuchana kitambaa cha chini. Walikuwa wamejaa kwenye mishono, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mayai meupe ya urefu wa milimita moja yaliyonatishwa kwenye mbao. Kunguni, alitueleza, hali karatasi kama mchwa. Chakula chake ni damu peke yake, na kitabu kwake ni ufa wa kujifichia tu. Hana mbawa. Husafiri kwa kubebwa katika begi, godoro, kiti cha mtumba au uti wa kitabu, na aweza kukaa miezi bila kula. Haijathibitika kuwa huambukiza maradhi kwa kuuma kwake, ila huwasha na kunyima usingizi. Umaskini si sharti lake: katika nchi tajiri alikaribia kutoweka baada ya dawa ya DDT, lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 amerejea, na maktaba za umma za Marekani nazo zimemkuta ndani ya vitabu. Dawa nyingi za kupulizia amekwisha kuzizoea. Ile yetu ya chupa, kwa maneno yake, iliwatawanya kunguni na kuwahatarisha watoto.

Kikao cha kamati kilichofuata kilikuwa kirefu. Mjumbe mmoja alitaka vitabu vya shule vichomwe moto. Sheikh wetu alikataa, kwanza kwa kuwa wakfu hauteketezwi kwa sababu ya mdudu aliyejificha ndani yake, na pili kwa kuwa kuua kiumbe chenye madhara kunaruhusiwa lakini kukiadhibu kwa moto hakufai. Maji yanayochemka aliyaruhusu kwa dharura. Mzee mmoja aliuliza hukumu ya doa la damu ya kunguni kwenye kanzu ya swala, na tulifurahi kumjibu kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi'i kiasi kidogo chake kinasamehewa. Aliguna. Tunadhani alikuwa na swali hilo tangu Ramadhani.

Kochi tulilitoa. Kabla ya kulipeleka jalalani tulilichana kitambaa chote, asije mpita njia akalihurumia na kulipeleka kwake. Mabusati yalifuliwa kwa maji ya moto. Viungo vya meza na makabati vilimwagiwa birika kwa birika, na miguu yake ikasimamishwa ndani ya makopo ya maji. Vitabu ndivyo vilivyotutaabisha. Jua tulilijaribu, lakini jua la adhuhuri huchoma jalada huku katikati ya kitabu kinene kukibaki poa, na mdudu hukimbilia huko. Baridi ndiyo iliyotufaa: nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne mfululizo huua hata mayai. Mama mmoja muuza barafu za ubuyu alitupa friza lake. Tulivifunga vitabu kwa nailoni visipate unyevu, misahafu peke yake na juu kabisa, tukavigandisha kwa mafungu. Fungu la pili umeme ulikatika siku ya tatu, tukaanza kuhesabu upya. Kazi ilichukua wiki tano. Mayai huweza kuanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo, kwa hiyo kila baada ya siku kumi na nne tulirudi na tochi kwenye kila ufa.

Nyumbani kwa yule mtoto tulikwenda wanne, pamoja na imamu. Tuliomba radhi mbele ya mwenye nyumba na wapangaji, kwa kuwa tuhuma nayo ilikuwa ya hadharani, kisha tukakifungua kitanda chao ubao kwa ubao na kukimwagia maji ya moto. Wapangaji wawili walitufuata uani wakanong'ona kuwa nao wanao. Mama alitupa chai. Radhi yake ametupa kwa ulimi. Mtoto amerudi maktabani, lakini kitabu hukisomea barazani akiwa amesimama, wala hatujaona sababu ya kumwambia akae.

Siku hizi kila kitabu kinachorudishwa hukaguliwa uti juu ya karatasi nyeupe, kiwe kimetoka kwa mtoto au kwa mjumbe wa kamati, na anayeona kunguni kwake hutuambia faraghani na haandikwi popote. Bado Ramadhani ijayo. Tumependekeza kila godoro la itikafu likaguliwe mlangoni, kuanzia la imamu. Wazee watatu wamesema watalala juu ya msala kuliko kufunuliwa magodoro yao. Kikao kinaendelea Ijumaa baada ya Alasiri, inshaAllah.