Malisho Yasiyo na Jina la Mtu

Mkoa wa Mara nilikuwa nausoma tu kwenye ramani. Safari hii nilifika, nikiwa na nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na hamu ya kuyaona malisho ya pamoja inayoyalinda. Kutoka Tarime mjini, mashamba yamebanana hadi kwenye baraza za nyumba. Haichukui muda kuelewa kwa nini ardhi ya huku inagombewa. Tukapita Nyamongo, tukavuka Mto Mara, tukaingia wilaya ya Serengeti.

Nilishuka katika kijiji kimoja kabla ya Mugumu. Mzee mmoja mfugaji alikubali kunionyesha njia ya ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Twende kabla mifugo haijarudi kutoka mtoni."

Njia ilipita kati ya nyua mbili za minyaa. Juu, karibu na nyumba, kundi zima lingepita bila kusongamana. Kadiri tulivyoteremka ndivyo ilivyozidi kuwa nyembamba, hata karibu na maji ng'ombe wawili wangepishana kwa shida. Mzee akaingia ndani ya shamba la mahindi, akafukua majani kwa fimbo: visiki vya minyaa ya zamani, vimejipanga mstari, hatua kadhaa kutoka ulipo ua wa leo.

"Ua unatembea," akasema. "Kila masika, hatua moja."

Angeguswa mtu shamba lake, yowe lingepigwa usiku huohuo. Hapa kilichomegwa ni cha wote, kwa hiyo kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme.

Sheria yenyewe imekwisha kusema. Inahesabu kuwa ardhi ya kijiji hata ile ya kulishia na njia za kwenda malishoni, ikiwa wanakijiji waliitumia miaka 12 kabla ya sheria kutungwa. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, na inatakiwa kuwa na daftari la ardhi ya jumuiya. Kwangu hayo ni mageuzi makubwa, ukilinganisha na enzi ya ukoloni. Mwaka 1878 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuulinda msitu wa Epping, kando ya London, ubaki wa umma. Mwaka 1923 Waingereza haohao walitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, lakini chini ya mamlaka ya Gavana. Wakazi wa London walihifadhiwa pao. Wa huku waliwekewa msimamizi.

Na huku hakuna pa kusogea. Mashariki ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na mbele yake mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994. Ng'ombe akivuka mpaka, mwenyewe anatafuta pesa ya faini. Njia ikifungwa ndani ya kijiji, mfugaji amebanwa pande zote mbili.

Tulikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji alifungua daftari. Malisho yameandikwa, upana wa njia haumo. Nilisikitika, maana pengo hilo ndilo ua wa minyaa unalopitia. Mzee hakulalamika. Aliomba suala la njia liingie kwenye ajenda ya Mkutano Mkuu, na vijana waende kuvipima vile visiki kabla mwenye shamba hajalima. Mtendaji akaandika yote mawili.