Ruhwa, Maji ya Mpakani

Msafiri atokaye Huye kwenda Rusizi hukata shauri mahali paitwapo Pindura, katikati ya msitu wa Nyungwe. Akishika njia ya kusini atafika Bweyeye, sekta iliyokumbatiwa na msitu huo upande mmoja na nchi ya Burundi upande wa pili. Barabara hupinda huku na huku miongoni mwa miti mirefu, na ukungu hushuka hata adhuhuri.

Nyungwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, ndio mgongo wa maji ya nchi. Mvua iangukayo mashariki ya matuta yake huifuata Nile hadi Misri. Iangukayo magharibi huelekea Kongo. Maji ya Bweyeye yamo katika fungu hili la pili. Hukusanywa na Mto Ruhwa, ambao huporomoka mabondeni hadi tambarare ya Bugarama yenye joto na mpunga, ukaungana na Rusizi pale zinapokutana Rwanda, Burundi na Kongo. Kutoka hapo ni Ziwa Tanganyika, kisha Lukuga, kisha Lualaba, na mwisho Bahari ya Atlantiki.

Waholanzi walipochimba mfereji wa Haarlem hadi Leiden mwaka 1657, nia ilikuwa kuunganisha miji: mashua zilikokotwa na farasi, na abiria waliketi humo kwa utulivu. Ruhwa haukuchimbwa na mtu, wala haubebi abiria. Kazi uliyopewa na wanadamu ni ya kutenganisha.

Kazi hiyo haikuwa nzito siku zote. Kusini-magharibi hapa palikuwa na himaya ndogo za Bukunzi na Busozo. Mfalme wa Bukunzi alisifika kwa kuleta mvua, na hata wakubwa wa Rwanda walimheshimu kwa ajili hiyo. Wabelgiji walizifuta himaya hizo katika miaka ya 1920. Wakati huo Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya bendera moja, kwanza ya Wajerumani, kisha, tangu mwaka 1916, ya Wabelgiji walioziita Ruanda-Urundi. Mto ulikuwa alama ya utawala tu. Tarehe 1 Julai 1962 nchi zote mbili zilipata uhuru siku moja, na Ruhwa ukawa mpaka wa mataifa, wenye askari na forodha.

Lugha za kingo mbili zinafanana mno. Mnyarwanda na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, Januari 2024, amri ile haikuwa habari ya redio tu kwa mama mwenye shamba ng'ambo hii na wakwe ng'ambo ile. Mahali pengi mtu husimama ukingoni akamwita mwenziwe kwa jina, na mwenziwe akaitika.