Mawe ya Manjano ya Ng'ambo ya Kizuka

Asimamaye ufukoni Kizuka asubuhi, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inaporejea, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nyuma yake ni michikichi na barabara iendayo Rumonge. Mbele yake ni maji, kisha milima ile. Nyuma ya milima hiyo, upande wa kaskazini-magharibi, kiko kilima cha Kobokobo katika wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Kwa mstari ulionyooka si mbali sana, yapata kilomita 150 na zaidi. Lakini msafiri wa gari hana budi kupanda hadi Bujumbura, avuke mpaka pale Gatumba, apite Uvira na Bukavu, ndipo ashuke tena kuelekea Mwenga na Kamituga, mji ujulikanao kwa dhahabu.

Kobokobo haikupata sifa kwa dhahabu. Hapo pana mwamba wa pegmatiti, ndugu wa itale, wenye chembe kubwa kubwa za ulanga na kwatzi, uliochimbwa zamani kwa ajili ya berili. Pegmatiti huzaliwa mwishoni, itale inapokaribia kupoa: maji ya moto yaliyobaki hukusanya yale ambayo miamba mingine haikuyapokea, nayo ni lithi, berili, bati, fosforasi, na mahali pengine urani. Baadaye mvua hupenya katika nyufa, huyayeyusha madini ya kwanza polepole, na katika vishimo vidogo huumba madini ya pili. Kobokobo, urani, aluminiamu na fosforasi ziliungana hivyo, zikatoa fuwele za manjano, nyingi zikiwa ndogo kuliko punje ya ulezi.

Kati ya 1979 na 1987 wataalamu wa Ubelgiji, Michel Deliens na Paul Piret, waliyaeleza kutoka kilima hicho kimoja madini mengi ambayo hayakuwa yamejulikana popote duniani. Ranunkuliti iliitwa kwa jina la ua la manjano la Ulaya. Trianguliti kwa umbo lake la pembetatu. Kamitugaiti, iliyotangazwa 1984, kwa jina la mji wa jirani. Upaliti ni alama tu za urani, fosforasi na aluminiamu zilizounganishwa. Jina hili halina utamu, lakini angalau halidanganyi.

Kuyakusanya mawe haya kwataka subira kuliko nguvu. Mtafutaji hachimbi sana. Huketi juu ya kifusi kilichotupwa na wachimbaji, akageuza kipande baada ya kipande chini ya kioo cha kukuzia. Aonapo doa la rangi, hupasua mwamba kwa patasi mbali na fuwele, akaiacha imeshikamana na jiwe mama, kisha akaifunga kwa karatasi laini. Mchimbaji wa bati au koltani hawezi kulaumiwa akiyaponda mawe hayo hayo kwa nyundo: sokoni kwake hayana bei.

Wenye nyumba wajue jambo moja. Mawe ya manjano yenye urani hutoa mnururisho, na vumbi lake ni baya zaidi yakivutwa pumzini. Si ya kuwekwa chumba cha kulala, wala si ya mtoto kuchezea, wala hayasagwi wala kuoshwa katika sufuria ya jikoni. Aliyeyashika na anawe mikono kabla ya kula.

Thamani ya jiwe lenyewe imo katika kikaratasi kinachofuatana nalo. Nchini Rwanda, machimbo ya Buranga yalitoa bertosaiti mwaka 1966, na mwaka 1977 burangaiti na gatumbaiti, zote zikielezwa na Oleg von Knorring pamoja na wenzake. Hizi nazo ni fosfati, ila hazina urani. Sasa mtu wa Kizuka akisikia gatumbaiti atadhani ni jiwe la Gatumba yake, pale mpakani karibu na mto Rusizi. Sivyo; ni Gatumba ya Rwanda, mbali kaskazini. Kikaratasi kilichoandikwa "Gatumba" bila neno jingine kimekwisha kulipoteza jiwe, na kile kinachosema "Ruanda-Urundi", kama ilivyoandikwa kabla ya 1962, kimelitupa katika nchi mbili.

Hata Kizuka haikusalimika. Kikaratasi cha miaka ya 1980 kingeiweka katika mkoa wa Bururi. Cha baada ya 2015, mkoa wa Rumonge. Cha baada ya mageuzi ya 2025, mkoa wa Burunga. Kwa hiyo mkusanyaji mzoefu huandika jina la kilima kwanza, kisha mto ulio karibu, na mkoa huuandika mwisho, kwa penseli.