Kopa, shupaza, uru, pau: taroti tuliyokuwa nayo muda wote

Haya jamani, leo tuongee karata. Siku hizi mjini kila nikikaa na wasomi wenzangu lazima atokee mmoja wa kunieleza maana ya vikombe na panga za taroti. Ananieleza kwa sauti ya chini, kama vile ananipa siri ya Firauni. Mimi humwomba kwanza anitajie karata zetu za kawaida, zile za barazani. Kopa, shupaza, uru, pau. Akimaliza namwambia: umeshayataja makundi yote manne ya taroti.

Sitanii. Kwa Kireno copa ni kikombe, espada ni upanga, ouro ni dhahabu, pau ni fimbo. Taroti nayo ina vikombe, panga, sarafu na fimbo. Wareno walifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, na Fort Jesus ya Mombasa ikawaponyoka mwaka 1698. Katika miaka hiyo walituachia meza, leso, gereza, na hilo neno karata lenyewe. Baadaye zikaja karata zenye michoro ya Kifaransa, ndizo tunazocheza hadi leo, lakini ulimi ukagoma kubadilika. Tunaona moyo mwekundu, tunasema kikombe. Yale makopakopa mnayotumiana siku ya Valentine ni vikombe vya Mreno, basi tu hamkuambiwa.

Sasa hizo maana. Wapiga taroti wanasema vikombe ni maji, yaani mapenzi na hisia. Panga ni hewa, yaani akili, maneno, ugomvi. Fimbo ni moto: kazi, hamu, kuanzisha jambo. Sarafu ni ardhi: mali, mwili, riziki. Ni mpangilio mzuri, siukatai, na mtu yeyote aliyewahi kuishi na watu ataona kwamba hayo manne yanagusa karibu kila kitu kinachotukosesha usingizi. Tatizo langu ni pale unapoambiwa kuwa ni hekima ya makuhani wa Misri ya kale.

Aliyeanzisha maneno hayo ni Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781. Wakati huo hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Kwa hiyo bwana yule alikisia tu. Ile habari ya moto, maji, hewa na ardhi iliyoenea leo ilipangwa na chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888. Wanachama wake wawili, Arthur Waite na mchoraji Pamela Colman Smith, ndio waliotoa mwaka 1909 zile karata ambazo wengi mnazo kwenye simu.

Kinachochekesha ni kwamba karata zilitoka Misri kweli! Ila si kwa Firauni. Zilitoka kwa Wamamluki, watawala Waislamu, zikaingia Ulaya miaka ya 1370. Seti yao moja imehifadhiwa jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul. Ina vikombe, sarafu, panga, na fimbo za mchezo wa polo. Haina picha ya mtu hata mmoja. Wakubwa wake wameandikwa tu kwa Kiarabu: malik, halafu naib wake, halafu naib wa pili. Kutokana na huyo naib, Wahispania wakaziita karata naipes. Sisi tukabaki na naibu waziri.

Waitaliano wa kaskazini ndio walioongeza karata 22 za picha, karibu na mwaka 1440, wakaziita trionfi. Kazi yake ilikuwa kuzila karata nyingine mchezoni. Jumla ikawa 78. Neno hilo kwa Kireno ni trunfo, na kwetu ni turufu. Kwa hiyo mzee wa barazani anayebamiza turufu mezani yuko karibu na taroti ya asili kuliko dada yangu mwenye ubani na mshumaa.

Nimeyachimba haya kwa sababu ya rafiki yangu. Ana shahada mbili. Ramli anaicheka, na enzi za Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki mwaka 2011, alikuwa akiwacheka waliomsikiliza. Lakini taroti ya kwenye simu anailipia kila mwezi. Juzi ikamtolea panga tatu: moyo umechomwa na panga tatu, mvua inanyesha nyuma. Posa imekaribia. Akanipigia kusema anataka washenga waambiwe wasije.

Nikamweleza asili ya picha ile. Colman Smith hakuoteshwa. Moyo uliochomwa na panga tatu umo katika karata za Sola Busca, za Italia, za miaka ya 1490, na picha zake zilikuwa British Museum tangu mwaka 1907, hapo hapo London alipokuwa akifanyia kazi. Na katika karata za zamani zaidi panga tatu zilikuwa panga tatu tu, kama tatu ya shupaza. Hukuna moyo, hakuna mvua. Hakuna mchumba.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa shosti, nimekuelewa. Lakini mbona nilipoiona tu nililia?"

Hilo swali sikuwa na mwaka wala jumba la makumbusho la kulijibia. Nikamuuliza alimfikiria nani wakati analia. Akanitajia jina, na halikuwa la mchumba. Halafu akaanza kunisimulia mambo ya miaka minne nyuma ambayo hajawahi kumwambia mtu, hata mama yake. Tuliongea mpaka saa saba usiku, salio likakata, nikanunua jingine. Washenga wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mpaka ninapoandika haya hajawaambia wasije.